Mbwa wako akimuuma mtu, mfunge, usimuue, na usinyamaze

Ndugu msomaji, wiki hii nazungumza na wewe unayefuga mbwa, na wewe mzazi ambaye mtoto wako hupita kila siku mbele ya geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali". Tunapotajiwa kuumwa na mbwa, wengi wetu tunamfikiria mbwa koko, yule anayezurura jalalani bila mwenyewe. Lakini watoto wengi huumwa na mbwa wanayemfahamu: mbwa wa nyumbani, wa jirani, wa mjomba au wa mwenye duka la mtaani. Ana jina, ana bakuli lake, na ana mtu anayemwita kila jioni.

Mbwa wa namna hiyo anapouma, hasira na aibu huja pamoja. Majirani wanakusanyika, mama wa mtoto analia, mwenye mbwa hajui aweke wapi uso wake. Katika saa ile ya kwanza mara nyingi hutokea moja ya mambo matatu. Ama mbwa anapigwa mawe mpaka anakufa, ama mwenye mbwa anakana kwamba mbwa si wake, ama pande mbili zinakaa chini ya mti, zinapeana fedha kidogo na kupeana mikono. Yote matatu yanatuliza hasira, na yote matatu yanamwacha aliyeumwa bila kinga.

Hoja yangu leo ni hiyo. Mbwa akishauma, kinachofuata ni shughuli ya hospitali kabla ya kuwa kesi ya mtaa. Na mtu wa kwanza mwenye wajibu wa kuipeleka hospitali ni mwenye mbwa, kwa sababu yeye ndiye anayezijua habari ambazo daktari anazihitaji.

Kwa nini tusichukulie poa

Jeraha la meno ya mbwa lina hatari zake za kawaida. Linaweza kuoza, hasa likiwa mkononi au usoni, na linaweza kuleta pepopunda. Lakini linalotufanya sisi wahudumu wa afya tusikubali mzaha ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu unaletwa na virusi wanaokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Wakiingia kwenye jeraha hawasafiri kwa damu kama vijidudu vingine vingi. Wanapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa leo, kidonda kikapona vizuri kabisa, akarudi shuleni au shambani, kisha miezi miwili au mitatu baadaye akaanza kuumwa. Kwa wengine huwa ni wiki chache tu, na kwa wachache hufika mwaka. Mtu aliyeumwa karibu na kichwa, kama watoto wengi walivyo kwa sababu ya kimo chao, yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa safari ya kwenda kwenye ubongo ni fupi.

Dalili zikishaanza, yaani homa, kuwashwa au ganzi mahali palipoumwa, kuhangaika, kushindwa kumeza na kushtuka mtu anapoletewa maji, tiba ya kumponya hatuna. Karibu kila anayefikia hapo hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba asilimia 99 ya wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa sababu ni mzuri kuliko unavyodhani. Kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili kuna muda, na katika muda huo ugonjwa unazuilika. Tangu Julai 1885, pale Louis Pasteur alipomdunga chanjo mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister jijini Paris, binadamu amekuwa na kinga ya kutumia baada ya kuumwa. Yule mtoto aliishi mpaka utu uzima. Leo chanjo ni bora zaidi na salama zaidi kuliko ile ya kwake. Anayeoshwa jeraha vizuri, akapewa sindano zake mapema na akazimaliza, karibu kila mara hupona. Anayekufa kwa kawaida ni yule ambaye hakuoshwa, hakufikishwa hospitali, alichelewa, au alikatisha dozi.

Dakika 15 za kwanza

Kabla hujatafuta bajaji, kabla hujamtafuta mwenyekiti wa mtaa, tafuta maji na sabuni.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Si dakika mbili. Angalia saa. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kopo au jagi na mwingine aoshe. Sabuni yoyote inafaa, ya mche, ya kuogea au ya unga. Sabuni inawaharibu wale virusi, na maji yanawaondoa kabla hawajaingia kwenye mishipa. Ukimaliza, kama una spiriti au dawa ya iodini, paka. Kama huna, usipoteze muda kuitafuta.

Mtoto atalia. Mkumbatie, mweleze unachofanya, endelea kuosha.

Usiweke majivu, pilipili, mafuta ya taa, tumbaku, chumvi, kahawa wala nywele za mbwa zilizochomwa. Usikande jeraha kwa nguvu na usilifunge likabanwa. Kama damu inatoka kwa wingi, gandamiza kwa kitambaa safi uelekee hospitali. Kwa ndugu zetu Waislamu wanaotaka kujitwaharisha baada ya kuguswa na mate ya mbwa, hilo lifanyike kwenye ngozi nzima na kwenye nguo. Udongo usiguse jeraha, maana udongo ndio makao ya vijidudu vya pepopunda.

Baada ya hapo nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama kitavimba. Na kama ulichelewa, tuseme mtoto aliumwa wiki iliyopita na ndiyo kwanza unasoma hapa, nenda leo. Kuchelewa si sababu ya kuacha.

Utakachokutana nacho hospitali

Wapo wanaoogopa kwenda kwa sababu walisikia kwa bibi na babu kuhusu sindano 14 au 21 za kuzunguka kitovu. Hizo zilikuwepo kweli, lakini ni za chanjo ya zamani. Siku hizi unachomwa mkononi karibu na bega, na mtoto mdogo hudungwa pajani. Siku unayofika huhesabiwa kuwa siku ya sifuri, kisha unarudi siku ya 3 na ya 7. Kwa sindano zinazoingia kwenye msuli huongezwa ya siku ya 14, na ratiba nyingine hufika siku ya 28. Fuata kadi uliyopewa, hata kama kidonda kimekauka.

Jeraha likiwa limetoboa ngozi, mtoa huduma anaweza kuongeza sindano ya imunoglobulini, ambayo ni kinga iliyo tayari, inayodungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Utaangaliwa pia kuhusu pepopunda na kama unahitaji dawa za kuua bakteria. Usishangae jeraha likiachwa bila kushonwa siku ya kwanza. Mara nyingi ndivyo inavyotakiwa.

Mama mjamzito anaruhusiwa kuchanjwa. Anayenyonyesha anaruhusiwa. Mtoto mchanga anaruhusiwa. Mtu asikwambie usubiri ujifungue.

Na usipime hatari kwa ukubwa wa jeraha. Mkwaruzo mdogo wa meno au kucha bila damu nao unahitaji chanjo. Mate ya mbwa yakigusa kidonda kibichi, jicho au mdomo, hiyo ni hatari kubwa kama ya kuumwa. Mbwa kulamba ngozi isiyo na mkwaruzo hakuhitaji sindano, osha tu. Wala usidanganyike kwamba mtoto wa mbwa hana kichaa. Anaweza kuwa nacho, na kwa kuwa watoto hucheza naye na kumbeba, huuma watu wengi kabla hajashtukiwa.

Sasa tumrudie mbwa

Hapa ndipo ninapotaka mwenye mbwa anisikilize vizuri.

Mbwa aliyeuma ni ushahidi. Akiwa hai na amefungwa, anaweza kutuambia jambo ambalo hakuna kipimo cha damu ya mtoto kinachoweza kutuambia siku hiyo. Virusi wa kichaa huanza kutoka kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla yeye mwenyewe hajaonyesha kuumwa, na akishaanza kuumwa hufa haraka. Kwa hiyo mbwa aliyeuma akikaa siku 10 akila, akinywa na akiwa na tabia yake ya kawaida, tunajua kwamba siku ile alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Daktari anaweza hata kusimamisha sindano zilizobaki.

Ukimuua, umeupoteza ushahidi huo. Mtoto atalazimika kumaliza dozi yote, familia itahangaika na nauli, na wote mtaishi na wasiwasi kwa miezi. Ukimfukuza akatokomea, ni hivyo hivyo, na isitoshe huenda anauma wengine huko aendako.

Basi fanya hivi. Mfungie bandani au mfunge kwa mnyororo imara, mahali penye kivuli, ambapo watoto na mifugo hawafiki. Ahudumiwe na mtu mzima mmoja tu, anayesukuma bakuli kwa fimbo bila kuingiza mkono. Mwite afisa mifugo wa kata au kijiji chako, maana kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaopaswa kutolewa taarifa. Hesabu siku 10 na kila siku andika: amekula? amekunywa? anabweka kama kawaida? anatembea vizuri?

Mabadiliko ya kuogopa ni haya: ukali asiokuwa nao, au upole wa ghafla kwa mbwa aliyekuwa mkali. Kung'ata mbao, mawe au mnyororo. Mlio uliobadilika. Mate kudondoka. Miguu ya nyuma kuyumba. Taya kulegea mdomo ukabaki wazi. Hili la mwisho limewaponza wengi. Mbwa anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni, mwenye huruma anaingiza mkono kuutoa, na mfupa wenyewe haupo. Ni kichaa kile cha kimya, ambacho hakina ukali wala kufukuza watu, lakini kinaua vilevile. Ukiona lolote kati ya hayo, mpigie afisa mifugo, na saa hiyo hiyo umjulishe aliyeumwa ili hospitali ijue.

Kuna hali moja ya kutofautisha. Kama mbwa tayari amechanganyikiwa, anashambulia kila anachokiona na hakamatiki, hapo usijifanye shujaa. Ondoa watu, waite wataalamu, na wao wanaweza kuamua auawe. Akifa kwa namna yoyote, usimzike wala kumtupa kabla afisa mifugo hajaarifiwa, kwa kuwa kichwa chake hupelekwa maabara kupimwa. Usikikate mwenyewe.

Na haya yote hayacheleweshi chanjo ya aliyeumwa. Hatusubiri siku 10 ziishe ndipo tumpeleke mtoto. Anaanza leo, mbwa anaangaliwa huku.

Ukimya wa aina tatu

Nimesema wajibu wa kwanza ni wa mwenye mbwa. Lakini ukimya hauko kwake tu. Naujua wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza ni ule wa kumalizana. "Tusifikishane mbali, sisi ni majirani." Mwenye mbwa anatoa fedha kidogo, mzazi anapokea, na kwa sababu nyumbani kuna njaa au kodi inadaiwa, fedha ile inaishia sokoni. Simlaumu mzazi huyo, nalaumu namna ya malipo. Mwenye mbwa, usimpe mwenzako fedha mkononi ukaondoka. Mpakie mtoto na mzazi wake, nenda nao hospitali, lipia kinachotakiwa kulipiwa, na uchukue tarehe za kurudi uziandike na wewe. Siku ya 3 na ya 7 uwe wewe unayebisha hodi na nauli. Fidia ya kuku, ya nguo iliyochanika na ya maumivu mtaizungumza baadaye mbele ya mwenyekiti. Sindano kwanza.

Kama mbwa hakuwa na chanjo, sema hakuwa nayo. Kama kadi yake imepitwa na wakati, sema. Najua ni aibu, lakini daktari akidanganywa kwamba mbwa alichanjwa, anaweza kuchukua uamuzi usiofaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yanayofichwa yako kwenye mwili wa mtoto wa mwenzako.

Ukimya wa pili uko ndani ya geti. Dada wa kazi ndiye anayempikia mbwa, anayemfungua usiku na kumfungia alfajiri. Akiumwa, anaambiwa "si unamfahamu, alikuwa anacheza tu", anapewa plasta na anaendelea kufua. Hana nauli, hana ruhusa ya kutoka, na anaogopa kupoteza kazi. Mama mwenye nyumba, baba mwenye nyumba, binti huyo ni mtoto wa watu. Mbwa ni wako, jeraha limetokea kazini kwako. Mpeleke. Ukiwa ni wewe binti unayesoma gazeti hili jikoni, osha kwa dakika 15, kisha sema, na wakikataa mpigie ndugu yako akupeleke.

Ukimya wa tatu ni wa mtoto mwenyewe. Aliumwa wakati anakwea ukuta kufuata maembe, au alipokuwa anamrushia mbwa mawe na wenzake. Anajua akisema atachapwa, kwanza kwa ukuta, halafu kwa mawe. Kwa hiyo anavaa suruali ndefu na ananyamaza. Mtoto anayeogopa fimbo kuliko kichaa cha mbwa hana wa kumwokoa, kwa sababu hakuna anayejua. Mzazi mwenzangu, leo jioni waambie wanao maneno haya: ukiumwa au ukikwaruzwa na mnyama yeyote, popote, hata kama ulikuwa unafanya kosa, njoo uniambie, sitakuchapa. Kisha ulitimize.

Akishambulia mnyama wa mwenzako

Mbwa wako anaweza asimguse mtu, akararua mbuzi wa jirani au akapigana na mbwa mwenzake. Hapo watu wengi huumia kwa sababu ya kutaka kuamulia. Usiingize mkono wala mguu kati ya mbwa wanaopigana. Hata mbwa anayekupenda atakuuma pale, hatazami nani ni nani. Mwaga ndoo ya maji, piga sufuria kwa kelele, weka ubao au kiti katikati yao. Wakiachana, kila mmoja afungiwe kwake.

Mnyama aliyeumwa aoshwe jeraha na mtu anayejilinda mikono, na afisa mifugo aitwe. Yeye ataamua juu ya chanjo, kumtenga na muda wa kumwangalia. Mbwa aliyechanjwa zamani akiumwa na mbwa anayeshukiwa hupewa chanjo nyingine mapema. Asiyechanjwa kabisa ni hatari kwa familia nzima. Ng'ombe au mbuzi aliyeumwa kisha akaanza kutoa mate, kulia sauti ya ajabu au kuyumba, asichinjwe, asiliwe wala asikamuliwe. Hasara ya mbuzi mmoja inalipika.

Na ilipe. Jirani aliyepoteza mbuzi wa mtoto wake wa shule hataki maelezo kwamba mbwa wako si kawaida yake. Nenda mwenyewe kabla hajaja kwako.

Majeraha yasiyoonekana

Mtoto aliyeumwa anaweza kulala vibaya kwa siku kadhaa, akaota ndoto za kutisha, akakojoa kitandani ilhali alishaacha, au akakataa kupita njia ya shule. Usimcheke, usimlazimishe amshike mbwa "ili azoee". Msindikize, badilisha njia kwa muda, mwache asimulie mara nyingi anavyotaka. Hofu ikiendelea kwa zaidi ya wiki chache na kumzuia kula, kulala au kusoma, rudi naye kituoni. Hilo nalo ni jambo la kutibiwa.

Mwenye mbwa naye ana lake. Wako wanaopoteza usingizi kwa hatia, hasa aliyeumwa akiwa mtoto wa ndani au mjukuu. Watoto wa nyumba waliompenda mbwa huyo wanasikia majirani wakimwita muuaji. Ninachoweza kukwambia ni kwamba hatia hupungua mtu akiwa na kazi ya kufanya, na kazi ipo: kumpeleka aliyeumwa, kuhesabu zile siku 10, kumtembelea hata baada ya sindano ya mwisho. Wanao nao waeleze ukweli, kwamba mbwa si mbaya wala si mwema kama mtu, ni mnyama, na ni sisi wakubwa tunaotakiwa kumzuia asiumize.

Baada ya siku ya 10

Ikiwa mbwa amepita salama, sasa amua kuhusu maisha yake. Uliza kwanza kwa nini aliuma. Je, alikuwa anakula, ana watoto wachanga, ana kidonda, alichokozwa, au alimkuta mgeni ndani ya uzio? Je, anashinda kwenye mnyororo mfupi mchana kutwa bila kuzoeshwa watu? Wapo wanaoamini mbwa wa ulinzi lazima alishwe pilipili, apigwe na ashinde na njaa ndipo awe mkali. Unachofuga kwa namna hiyo ni hofu, na mbwa mwenye hofu humuuma yeyote, awe mwizi, mwanafunzi au mwanao.

Rekebisha geti na uzio, jenga banda, hasi mbwa wako, weka utaratibu wa nani anamfungua na saa ngapi. Kama ameshauma zaidi ya mara moja bila kuchokozwa, na nyumba ina watoto, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumlaza kwa dawa. Uamuzi huo si ukatili ukifanywa na mtaalamu. Usilolifanya ni kumpa mtu wa kijiji kingine bila kumwambia historia yake. Huko nako kuna watoto.

Kibao cha "Mbwa Mkali" hakikuondolei wajibu. Mtoto wa miaka minne hajui kusoma.

Chanjo ya mbwa ndiyo chanjo ya mtoto

Mwisho nizungumzie jambo ambalo lingefanya makala hii isihitajike. Sindano moja ya mbwa kila mwaka ni rahisi mno ukilinganisha na dozi ya mtu mmoja aliyeumwa. Wataalamu wanakubaliana kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita na hukatika. Hili si la Ulaya tu. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa. Ulipoingia tena, wakachanja tena na ukaondoka tena. Kama Wapemba wameweza, sisi wa bara tunasubiri nini?

Halmashauri nyingi hufanya chanjo kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Usisubiri gari la matangazo lipite. Nenda ofisi ya kata uulize tarehe, na kama mbwa wako hana kadi, uliza ni wapi anaweza kuchanjwa wiki hii. Mchukue na yule wa jirani mzee asiyeweza kutembea. Paka naye apelekwe.

Wafundishe watoto wasimsumbue mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Wasimkimbie mbwa asiyewajua, maana kukimbia humwita. Wasimame wima kama mti, mikono ubavuni, wasimkodolee macho, kisha warudi nyuma polepole akishawaacha. Wakiangushwa, wajikunje kama mpira na wafunike shingo na masikio kwa mikono.

Viongozi wetu nao wana deni. Mzazi anayefika hospitali ya wilaya na kuambiwa chanjo imeisha, aende mkoani, huenda asifike huko. Tunapomdai mwenye mbwa aseme ukweli na mzazi awahi, ni haki yao kuikuta sindano pale walipotumwa.

Kwako wewe mwenye mbwa, leo hii kabla hakijatokea kitu, tafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako na usome tarehe. Kama imepita, au kama kadi yenyewe haipo, unajua pa kwenda kesho asubuhi.